Umeshapata Musi Wako?

Maneno haya niliyatoa katika mkusanyiko wetu wa wazungumzaji wa Kiswahili hapa St. John's, mji wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, wiki chache kabla ya msimu wa kuwinda kuanza. Wengi walikuwa kazini siku ile, wakaniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa zile picha za ukutani nimeziondoa.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na kwa waliobaki, habari za jioni.

Wazee wangu, mama zangu, mashehe na wachungaji mlioacha shughuli zenu, kaka na dada, nanyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango ili muwahi kutoka: ahsanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameiweka saa mezani mbele yangu.

Nimeombwa nizungumzie uwindaji wa musi, yule mnyama mkubwa anayeitwa moose kwa Kiingereza, katika vijiji vya pwani ya kisiwa hiki. Nimesikia mnong'ono: huyu mama wa Pangani na uwindaji wapi na wapi? Mna haki ya kuuliza. Bunduki sijawahi kuishika. Lakini kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, katika kijiji kimoja cha ghuba ya Notre Dame. Ni kijiji cha wavuvi: kanisa, duka moja, gati, na nyumba za mbao zinazotazama maji. Na nawaambieni, ukikaa kijijini kama kule, Septemba ikiingia hakuna anayekuuliza umeamkaje. Dukani utaulizwa, posta utaulizwa, mlangoni mwa kanisa utaulizwa: "Umeshapata musi wako?"

Unaulizwa hata kama wewe ni mhudumu kutoka Tanga usiyejua bunduki inafunguliwa upande gani. Na jibu lako wanalisubiri kwa dhati, maana wanataka kujua kama nyumba yako itakula majira ya baridi.

Kwa mliofika juzi na hamjamwona: musi ni wa jamii ya kulungu, lakini ukubwa wake usiupime kwa kulungu wa kwetu. Dume mzima hufika kilo 450. Mgongo wake uko kwenye kimo cha mtu mzima. Miguu mirefu, pua iliyoning'inia, ndevu chini ya kidevu, na dume ana pembe pana kama sinia la pilau.

Sasa nianze na swali. Huyu mnyama ambaye watu wa hapa wanamchora kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye mabango ya hoteli, ni wa hapa?

Si wa hapa! Aliletwa. Kulungu wa asili wa kisiwa hiki ni caribou. Musi aliletwa kwa makusudi, wakati Newfoundland ilikuwa bado haijaingia Kanada. Mwaka 1878 waliletwa wawili kutoka Nova Scotia wakaachiwa Gander Bay. Mwaka 1904 wakaletwa wengine wanne kutoka New Brunswick, madume mawili na majike mawili, wakaachiwa Howley, mahali palipokuwa na kituo cha reli ndani ya kisiwa. Shabaha ilikuwa nyama kwa wenyeji, na wawindaji wenye fedha kutoka nje. Jumla wanyama sita. Sita tu, ndugu zangu.

Mzee mmoja ninayemhudumia, mvuvi wa zamani aliyepita miaka themanini, aliniambia jinsi baba yake alivyoona nyayo za musi kwa mara ya kwanza. Alikwenda kukata kuni, akakuta alama za kwato kwenye theluji, kubwa, zimepasuka katikati. Akarudi mbio kijijini kumwambia mchungaji kwamba ng'ombe wake amepotea yuko msituni. Mchungaji akatoka kwenda zizini, akamkuta ng'ombe wake amelala anacheua. Mzee akinisimulia hiki kisa anacheka mpaka nasimamisha kazi ya kumvalisha soksi, nasubiri amalize.

Mnyama akajikuta amefika peponi. Mbwa mwitu wa kisiwa walikwisha kabisa karibu na mwaka 1930, na miti michanga ya kula ilikuwa tele. Katika miaka ya 1930 uwindaji ukaruhusiwa kisheria. Leo wako zaidi ya 100,000. Mkoa mzima, ukiweka na Labrador, ile sehemu yake iliyo bara, una watu nusu milioni na kidogo juu. Pigeni hesabu wenyewe ya musi mmoja kwa watu wangapi.

Kwa nini nimeyaleta haya? Kwa sababu kila mara nasikia vijana wetu wakisema, "Haya ni mambo ya mababu zao, sisi hayatuhusu." Mababu gani? Uwindaji huu katika vijiji vya wavuvi una umri wa mzee mmoja. Kwa watu wa Mi'kmaq, wenyeji wa asili wa upande huu wa Kanada, hiyo ndiyo habari nyingine. Wao huko bara walimjua musi vizazi na vizazi kabla Mzungu hajatia nanga, na jamii yao ya Miawpukek, pale mto Conne pwani ya kusini, mnyama huyu hawakufundishwa na mtu. Lakini hawa majirani zetu wa asili ya Ireland na Uingereza walijifunza ukubwani. Walikuwa watu wa samaki. Walijifunza kufuata nyayo, kuchuna, kubeba, kuhifadhi. Mtu wa samaki anaweza kujifunza. Wa Pangani anaweza, wa Uvira anaweza, wa Rumonge anaweza, wa Lamu anaweza.

Nije kwenye jambo lililonitoa nyumbani leo.

Nyama ya musi haiuzwi. Nasema tena ili wa nyuma wasikie: haiuzwi! Iko migahawa michache yenye kibali cha kuipika, lakini mtu binafsi aliyewinda haruhusiwi kukuuzia hata kipande. Nenda supamaketi ya kawaida ya mji huu na kadi yako ya benki, si rahisi kuikuta. Basi watu wanaipataje majumbani? Wanaipata kwa kuwinda, au wanaipata kwa kujulikana. Hakuna njia ya tatu.

Niwapeleke kwenye banda moja. Ni Oktoba, jioni, nyuma ya nyumba ya jirani yangu. Banda lenyewe zamani lilikuwa la nyavu. Vigingi vya kuning'inizia nyavu bado vipo ukutani. Sasa zimening'inia robo nne za musi, zimekaa siku kadhaa kwenye ubaridi, nje zimekauka na kuwa nyekundu iliyokolea. Meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, umetandikwa plastiki nyeupe. Mama mwenye nyumba ndiye fundi. Anapitisha ncha ya kisu chini ya ule utando mweupe wa msuli, anauvuta kwa vidole vya mkono wa kushoto, unatoka mzima mrefu, anautupa ndooni bila kuangalia. Kijana wa miaka kumi na minne anazungusha mashine ya kusaga. Binti anafunga vifurushi kwa karatasi ya kahawia, anaandika kwa kalamu ya wino mzito: nyama ya kuchemsha, steki, kusaga, na mwaka. Na babu, ambaye macho yamemwishia, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na jiko la kuni, ananoa visu. Haoni kisu, lakini anajua kwa kidole gumba kama kimeiva.

Kisha nikaona ukutani, kwenye ubao, mwandiko wa penseli ya seremala. Majina. Si majina ya watu, ni ya nyumba: nyumba ya juu ya kilima, nyumba ya mjane wa karibu na gati, nyumba ya mwalimu, nyumba ya yule aliyevunjika nyonga. Kila kifurushi kikifungwa, mama anaangalia ubao, anasema kiende wapi. Friza yake mwenyewe ilikuwa bado tupu. Nikauliza, "Na mgao wenu?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Wetu ni utakaobaki."

Jamani, mimi nimezaliwa pwani. Mnakumbuka juya lilivyokuwa likivutwa ufukweni? Aliyeshika kamba, hata mtoto wa miaka sita aliyeshika mkia wa kamba kwa kujifurahisha, hakuondoka mikono mitupu. Alipewa kitoweo. Nikasimama katika lile banda nikajisemea, haya nayajua.

Na chini ya orodha ile kulikuwa na mstari umeandikwa jina langu, limekosewa herufi mbili.

Sasa niwaulize: ukipewa kifurushi kile, wewe unarudisha nini? Maana hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunapokea, tunasema ahsante, tunafunga mlango. Mwaka wa pili tunashangaa kifurushi hakikuja, tunasema ni ubaguzi. Ubaguzi upo, sikatai, na nimeuonja. Lakini si kila kifurushi kisichofika ni ubaguzi! Yule mjane wa karibu na gati hawindi, lakini anaokota beri za kinamasi mwezi wa Agosti, na chupa zake za jamu ziko katika kila nyumba ya orodha ile. Mwalimu anawajazia watu fomu zao za kodi. Mwenye nyonga ana mashine ya kusukuma theluji. Mimi nilipeleka sambusa. Kwanza walizigeuzageuza kama saa iliyosimama. Siku hizi naletewa nyama mapema, kwa makusudi.

Jirani yangu mwingine alinieleza kwa nini wanalishika jambo hili kwa nguvu. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wa cod, yule samaki wao wa kukausha kwa chumvi aliyewaweka mjini na vijijini kwa miaka karibu 500. Watu kama 30,000 walikosa kazi kwa tangazo moja. Marufuku hiyo imekuja kuondolewa mwaka 2024, na samaki wenyewe bado si wa zamani. Huyu mama na mumewe walikuwa wote wa samaki, yeye kiwandani, mume baharini. Vuli ile mume hakubahatika kupata leseni ya musi. "Friza yangu," akaniambia, "ilikuwa na musi wa nyumba tatu tofauti, na sikuomba hata mmoja." Ukishapita mwaka wa namna hiyo, ndugu zangu, ubao wa penseli hauutanii.

Nimetaja leseni. Wengine mnadhani huku ni pori, mtu anatoka na bunduki anapiga. Thubutu! Kisiwa kimegawanywa maeneo yenye namba, na kila eneo lina idadi yake ya leseni. Unaomba majira ya kuchipua, unaingia kwenye droo. Ukikosa mwaka huu, nafasi yako inapanda mwaka unaofuata. Leseni inakwambia uwinde wapi, na kama unaruhusiwa mnyama yeyote au dume na ndama peke yake. Watu wawili wanaweza kuomba pamoja leseni moja. Bunduki ina mafunzo yake na kibali chake, uwindaji una mafunzo yake. Mwenye ulemavu anaweza kuomba mtu amwindie. Msimu unaanza Septemba unaendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Maafisa wa wanyamapori wakikukamata na nyama isiyo na maelezo hawana mzaha, na gari lenyewe linaweza kwenda na maji.

Bahati ilinipeleka msituni nao mara moja. Nilichukuliwa kama mbebaji na mpishi. Tuliondoka gizani, pikipiki za magurudumu manne hadi mwisho wa njia, kisha miguu. Huku msitu si msitu wa kwetu. Ni misonobari mifupi iliyobanwa na upepo wa bahari hadi huwezi kupenya, halafu ghafla kinamasi kipana chenye sponji ya majani, kila hatua inakunyonya buti. Ukungu umelala. Kiongozi wetu, mwanamume mnene mwenye sauti ya kwaya, akaweka mikono mdomoni akalia kama musi jike. Ni mlio mrefu, wa puani, wa kuomboleza. Kama si baridi ningecheka. Mwisho wa Septemba hadi Oktoba madume hutafuta majike, na dume akisikia mlio ule anasahau akili yake. Wanaume mliomo humu mnajua ninachosema.

Akaja. Tulisikia pembe zikigonga matawi kabla ya kumwona. Akatokeza ng'ambo ya kinamasi, amesimama ubavu, mkubwa, anatoa mvuke puani. Kiongozi akainua bunduki. Akatazama kwenye darubini. Akatazama. Kisha akaishusha.

Mimi nikadhani imekwama! Nikamwuliza kwa ishara. Akaonyesha kile kinamasi, kisha akaonyesha migongo yetu sisi wanne. Akanong'ona kwamba huyo akianguka pale, robo moja inavuka tope kwa nusu siku, na mvua inakuja, na nyama ya mwisho itaoza kabla hatujairudia. Dume akatutazama kwa muda wake, akageuka, akaondoka.

Wazee wa kule wana kanuni hiyo, na hainukuliwi kwenye fomu yoyote ya serikali: usipige usichoweza kubeba. Tulipata ndama siku ya pili, karibu na njia. Nao walifurahi sawasawa. Hakuna aliyelilia pembe. Na nikiruhusiwa kusema langu, wale wanaofunga kichwa chenye pembe juu ya boneti ya gari na kuzunguka nacho mjini St. John's siku nzima siwapendi, na kijijini kwetu pia hawapendwi. Kule ukirudi na musi unaingia kwa njia ya nyuma, unaning'iniza, unanawa, ndipo unapita nyumba kwa nyumba kusema umepata.

Haya. Sasa najua swali liko kooni kwenu tangu nianze. Je, inaliwa?

Wasabato, msinikodolee macho: kwato zimepasuka na anacheua. Someni wenyewe Mambo ya Walawi sura ya 11, kisha njooni mchukue sahani.

Waislamu wenzangu, kwetu kuna ngazi mbili. Mnyama mwenyewe hana tatizo, ni mla majani. Tatizo ni namna alivyokufa na nani aliyemuua. Uwindaji wenyewe umetajwa katika Sura ya Al-Maida, na umeruhusiwa kwa kutajwa jina la Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wengi wa leo wanaikubali risasi iliyopasua mwili, mwenye bunduki akisoma bismillahi anapofyatua. Na mnyama akikutwa bado hai, achinjwe. Kuhusu aliyewindwa na jirani asiye Mwislamu, wanazuoni wana maneno zaidi ya moja, nami si wa kuwaamulia. Sheikh yuko hapa mstari wa kwanza, mfuateni baada ya kikao, msinifuate mimi. Ninachoweza kuwaambia ni cha jikoni, na hiki hata sheikh alikuwa hakijui: ulizeni kuhusu nguruwe! Nyama ya musi haina mafuta. Kwa hiyo wenyeji wakisaga, wengi huchanganya mafuta ya nguruwe. Soseji za musi, hivyohivyo. Na ile nyama ya chupa, ile wanayokata vipande, wakashindilia kwenye chupa za kioo na kuchemsha masaa ili ikae mwaka mzima rafuni, mara nyingi chini yake kuna kipande cha nguruwe wa chumvi na kitunguu. Mtu anakupa kwa moyo mweupe kabisa. Usimrushie usoni. Mwambie mapema, mwezi wa Septemba, kabla mashine haijaanza kuzunguka: "Yangu nipe kipande kizima." Nimewaambia mara moja tu. Kwenye ule ubao, kando ya jina langu lililokosewa, wamechora nguruwe na kumpiga msalaba.

Na suluhisho kubwa zaidi ni lipi? Si tuwinde wenyewe? Tuna vijana hapa wenye uraia, wenye magari, wenye mabega. Mmoja akipata mafunzo na leseni, akasema bismillahi yake mwenyewe, maswali ya nusu ya ukumbi huu yamekwisha.

Niguse barabara, maana saa inanitazama. Kutoka hapa hadi Port aux Basques barabara kuu ni kilomita 900 hivi, na musi hugongwa kwa mamia kila mwaka katika kisiwa hiki. Ninyi wa malori na ninyi wa zamu za usiku nisikilizeni. Miguu yake ni mirefu. Gari dogo linavunja miguu, na mwili mzima unaingia kwa kioo cha mbele, kichwani mwako. Macho yake yako juu ya mwanga wa taa. Mfanyakazi mwenzangu aliyenusurika alisema aliona miguu minne tu, akadhani ni miti. Alfajiri na jioni punguzeni mwendo. Mwaka 2014 mahakama iliamua kwamba serikali haiwajibiki kwa majeruhi wa musi waliokuwa wameishtaki, kwa hiyo usitegemee kumdai mtu. Musi hana bima.

Kuna anayesema, basi wawaache wanyama hawa, dhambi kuwaua. Nendeni Gros Morne mkaone. Ile ni hifadhi ya taifa, na musi bila mbwa mwitu walikula misonobari michanga mpaka sehemu za msitu zikageuka nyasi tupu. Miti mizee inakufa na hakuna mingine inayokuja nyuma yake. Mwaka 2011 hifadhi yenyewe, pamoja na ile ya Terra Nova, ikafungua mlango kwa wawindaji, jambo ambalo hifadhi za taifa za Kanada hazilifanyi kirahisi. Wanyama sita wa mwanzo ndio waliofanya hayo. Binadamu aliyemleta na aliyemmaliza mbwa mwitu hawezi sasa kukunja mikono akajifanya mpita njia.

Nimalizie na ombi, na ni ombi la kazi.

Sheria ya mkoa inaruhusu vikundi visivyo vya biashara kuomba leseni ya musi kwa ajili ya chakula cha kuchangisha. Makanisa ya vijijini hufanya hivyo. Nimekula katika kumbi zao, tiketi mlangoni, mchuzi wa musi, viazi, karoti, mama wazee wanaohudumu wakiwa na aproni. Fedha inakwenda kwenye paa la kanisa au kwa mgonjwa. Sisi tuna misiba, tuna wageni wanaofika bila koti, tuna watoto wanaotaka darasa la Kiswahili Jumamosi. Tunachangishana wenyewe kwa wenyewe mpaka tumechoka. Kwa nini tusiombe? Tukapika sisi, tukawaita majirani? Mtu wa kijijini kwangu, yule mwenye sauti ya kwaya, amesema akiombwa atakuja kuwafundisha vijana wetu kuchuna, bure, sharti asile pilipili.

Nahitaji watu wanne. Wawili wenye umri wa miaka 18 na zaidi walio tayari kuchukua mafunzo ya bunduki kipindi cha baridi kinachokuja. Mmoja wa kushughulikia fomu, na nitamshukuru Mungu akiwa yule dada wa Bukavu anayefanya kazi ofisini. Mmoja mwenye friza kubwa. Daftari liko kwa mwenyekiti, kalamu imefungwa kwa uzi kwa sababu mnazijua tabia zetu.

Chakula kiko tayari. Sufuria ile kubwa ni pilau ya musi: vipande vizima, hakuna nguruwe ndani, na aliyewinda ni jirani yangu Mkristo. Nimesema wazi ili kila mtu aamue kwa dini yake. Sufuria yenye mfuniko wa bluu ni kuku wa halali kutoka dukani. Watoto wapange foleni upande wa kushoto, wazee wapelekewe walipo.